Msomaji Anauliza: Siku Mbili za Gari katika Vijiji vya Ireland

Barua tatu zilizonifikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni safari ya gari ya siku moja au mbili, pamoja na marafiki, nje ya miji ya Ireland. Nilisoma Galway kwa miaka miwili kabla ya kurudi kufundisha Mbarara, na barabara za magharibi mwa kisiwa kile nilizipita mara nyingi, nyingine kwa furaha na moja kwa majuto nitakayoyaeleza. Nimeona ni heri barua hizi nizijibu pamoja, nikitumia nafasi kubwa zaidi kwa ile ya kwanza, kwa kuwa mpango uliomo ndani yake unahitaji kubadilishwa kabla ya pesa kulipwa.

Barua ya kwanza

*Mwalimu wetu mpendwa, pokea salamu kutoka Jinja. Mimi na wenzangu watatu ni wauguzi, na mwezi wa Juni tutakuwa Dublin kwa mafunzo ya wiki tatu. Tuna wikendi moja tu isiyo na masomo, nasi tumeamua kukodi gari ili tuone mashamba na vijiji. Ijumaa jioni tunataka kwenda kaskazini kwenye mawe ya Giant's Causeway; Jumamosi tushuke hadi Galway na kwenye magenge ya Cliffs of Moher; Jumapili tuzunguke Ring of Kerry, ile barabara ya duara ya kusini-magharibi, na kurejea Dublin usiku. Tumetazama ramani na kuona kwamba kisiwa chote hakifikii nusu ya Uganda, kwa hiyo tunadhani haitakuwa kazi ngumu. Dereva wetu ni mmoja, na pamiti yake ya udereva ya Uganda ina miaka 9. Je, mpango huu unafaa? Pamiti itakubalika? Na gharama tuzigawane vipi ili tusirudi Jinja tukiwa hatusemezani? Muuguzi, Jinja.*

Wapendwa wauguzi, naanza na Giant's Causeway, kwa kuwa hapo ndipo mnapoweza kuingia matatani bila kujua. Zile nguzo za mawe meusi, zipatazo 40,000, zilizotokea pale uji wa volkeno ulipopoa na kupasuka, ziko katika kaunti ya Antrim, na Antrim iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Ukiendesha kutoka Dublin kwenda Belfast hukuti kizuizi wala afisa wa uhamiaji. Utakachokiona ni vibao vya mwendo vikibadilika kutoka kilomita kuwa maili, na mstari wa pembeni mwa barabara ukiacha rangi ya manjano na kuwa mweupe. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya mhuri Malaba na Katuna tunaweza kudhani kwamba pasipo na kizuizi pana ruhusa. Sivyo. Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Ireland ili aingie Dublin, na anahitaji viza nyingine, ya Uingereza, ili avuke kwenda kaskazini. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, nayo haimsaidii popote katika safari hiyo, kwa maana Ireland haimo katika mpango huo. Ukaguzi wa hati hutokea katika njia za mpakani, na anayekutwa bila viza inayostahili anaweza kuyaharibu maombi yake yote ya baadaye, jambo ambalo muuguzi anayetegemea kusafiri kwa mafunzo hapaswi kulichezea. Kama viza zenu ni za Ireland pekee, futeni kaskazini leo.

Jambo la pili ni umbali. Ni kweli kwamba kisiwa kizima kina kilomita za mraba zipatazo 84,000 huku Uganda ikiwa na zaidi ya 241,000, lakini mzunguko mlioupanga unapita kilomita 1,000, na ndani yake Ring of Kerry peke yake ina kilomita 179 za kona. Kampala hadi Gulu ni kilomita kama 330. Ninyi mnataka kuipita njia ya urefu huo mara tatu kati ya Ijumaa jioni na Jumapili usiku, kwa dereva mmoja, na bado mpate muda wa kushuka garini mkavitazama mlivyovifuata. Hamtaupata. Mtakachokikumbuka ni kioo cha mbele na mvua iliyokuwa ikifutwa juu yake.

Naomba mnielewe kuhusu barabara zenyewe, kwa sababu ramani hazisemi ukweli wote. Barabara kuu za mwendo kasi ni nzuri, zimepewa ukomo wa kilomita 120 kwa saa, na kutoka Dublin hadi Galway, umbali wa kilomita 200 na kitu, mtatumia kama saa mbili na nusu. Kwa kuwa Ireland inaendesha upande wa kushoto kama sisi, na katika mizunguko mnamwachia anayetoka kulia kama sisi, dereva wenu atajihisi nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa maana atatoka katika barabara hiyo pana na kuingia katika vijia vya mashambani akiwa na ujasiri uleule. Vijia hivyo vingi vina upana wa gari moja na nusu. Pembeni hakuna nafasi ya watembea kwa miguu wala mtaro wa udongo unaoweza kusogelea ukikutana na mwenzako. Kuna ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, mara nyingi umefunikwa na majani na miiba, kwa hiyo unadhani unapiga kichaka kumbe unapiga jiwe. Katika baadhi ya njia utaona majani yameota katikati ya lami, ishara kwamba magurudumu ya kulia na ya kushoto hupita palepale kila siku. Mbele ya kona kunaweza kuwa na trekta lililobeba nyasi za silo, kondoo waliopakwa rangi mgongoni ili mwenyewe awatambue, au ng'ombe wanaovushwa kwenda kukamuliwa, nao hawana haraka kama vile ng'ombe wa Ankole kule Lyantonde wasivyokuwa na haraka.

Mkikutana uso kwa uso na gari jingine mahali ambapo mawili hayapiti, aliye karibu zaidi na nafasi iliyopanuliwa ndiye anayerudi nyuma, na anayepishwa huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kushukuru. Msiuache utaratibu huo wa kidole. Ni salamu ya nchi, na mzee mmoja wa Clare aliwahi kusimamisha trekta lake ili aniulize kama nilikuwa mgonjwa kwa kuwa nilimpita bila kumwinulia. Tangu tarehe 7 Februari 2025 barabara hizo ndogo za mashambani zimeshushwa kutoka ukomo wa kilomita 80 kwa saa hadi 60, na binafsi nilifurahi niliposikia, ingawa katika sehemu nitakazowaelekeza hata 40 itakuwa nyingi.

Basi mpango ninaouona mimi ni huu: chagueni kaunti moja, nayo iwe Clare, mlale huko usiku mmoja, na siku zote mbili mzimalize ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa saa moja na nusu.

Ondokeni Dublin Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jiji halijaamka. Mkifika karibu na Athlone, acheni barabara kuu na mteremke kusini kama kilomita 20 hadi Clonmacnoise, monasteri aliyoianzisha Mtakatifu Ciarán mwaka 544 kando ya mto Shannon, ambao ndio mrefu kuliko yote ya Ireland. Hapo pana misalaba mirefu ya mawe iliyochongwa hadithi za Biblia, na makanisa yasiyo na paa, na ng'ombe wakinywa maji mtoni chini yake. Kaeni saa moja na nusu, msizidi. Kutoka hapo endeleeni magharibi hadi Kinvara, kijiji cha wavuvi chenye ngome ya Dunguaire kando ya maji, mle chakula cha mchana: mchuzi mzito wa samaki na mkate wa kahawia wa magadi, ambao kwa ladha yangu hakuna kinachoupita siku ya mvua.

Baada ya Kinvara mnaingia Burren. Jina hilo, kwa lugha ya Kiirishi Boireann, maana yake ni mahali penye mawe, na ndivyo palivyo: vilima vizima vya mawe ya chokaa, vya rangi ya kijivu, vilivyochanwa na barafu ya kale na kuliwa na mvua hadi vikabaki na nyufa ndefu kama za udongo wa Karamoja wakati wa kiangazi. Ukitazama kwa mbali unasema hapa hakioti kitu. Ukiinama unaona kwamba ndani ya kila ufa pana bustani. Maua ya nchi za baridi kali na maua ya nchi za Mediterania, ambayo kwingine ni nadra kukutana, huota hapo ubavu kwa ubavu, na mwanzoni mwa Juni huenda mkalikuta lile dogo la buluu iliyokolea ambalo huanza kuchanua Aprili. Jambo lililonishangaza zaidi nilielezwa na mfugaji mmoja: wakati wafugaji wengine huteremsha mifugo bondeni msimu wa baridi, wa Burren huipandisha vilimani, kwa kuwa mawe hushika joto la kiangazi na maji hayatuami, kwa hiyo ng'ombe hupata pa kulala pakavu. Wakila nyasi zote wakati wa baridi, maua hupata mwanga wakati wa kuchipua. Kwa hiyo maua yale mnayoyaona yapo kwa sababu ya ng'ombe, na sisi tunaotoka katika nchi ya wafugaji tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Toka Ballyvaughan fuateni barabara ya pwani inayopita Black Head, bahari ikiwa kuliani na mawe kushotoni, hadi kijiji cha Doolin. Tafuteni huko nyumba ya wageni inayotoa kitanda na kifungua kinywa, na mwiagize mapema kwa sababu Juni hujaa. Wekeni mizigo, mle, kisha jioni ndipo mwende Cliffs of Moher. Nasisitiza jioni. Mabasi ya watalii yanayotoka Dublin asubuhi hujaa pale mchana na huwa yameondoka kufikia saa kumi na moja, na Juni jua la magharibi mwa Ireland huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mtakuwa na saa nyingi za mwanga mzuri na watu wachache. Angalieni tu saa ya kufunga na mnunue tiketi kabla, kwa kuwa maegesho yamo ndani ya bei hiyo. Magenge yenyewe yanapanda hadi mita 214 juu ya bahari ya Atlantiki, na upepo wake si wa kuchezea. Ukuta wa mawe uliowekwa ukingoni umewekwa kwa sababu watu wamekufa, na picha yoyote inayomtaka mtu auvuke haifai kupigwa. Ninyi ni wauguzi, mmeona vya kutosha.

Usiku huo Doolin, ingieni katika baa yoyote yenye muziki. Wanamuziki hawapandi jukwaani. Huketi mezani pembeni na vinanda vyao vya nyuzi, filimbi na ngoma ya mkono, na mtu huruhusiwa kuketi karibu akanywa chai bila kutazamwa vibaya. Dereva wenu anywe chai pia. Sheria ya Ireland inamruhusu dereva wa kawaida miligramu 50 tu za pombe katika mililita 100 za damu, na asubuhi damu hupimwa vilevile kama usiku.

Jumapili msifanye mengi. Asubuhi pandeni tena Burren hadi Poulnabrone, kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, ambalo bamba lake la juu limesimama juu ya mawe membamba kama meza iliyoachwa uwanjani. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini yake mifupa ya watu zaidi ya 30, wakubwa kwa watoto. Ni mahali pa kunyamaza kidogo. Kisha piteni Kilfenora penye misalaba ya kale, teremkeni Ennis, na kutoka hapo barabara kuu itawarudisha Dublin kwa saa mbili na nusu au tatu, mkiwa na nguvu ya darasa la Jumatatu.

Kuhusu pamiti, mgeni anayekuja kwa muda mfupi anaruhusiwa kuendesha Ireland kwa leseni halali ya nchi yake kwa muda usiozidi miezi 12, kwa hiyo kisheria dereva wenu hana tatizo. Kampuni za kukodisha magari ndizo zenye masharti yao, na hayafanani: nyingi humtaka dereva awe ametimiza miaka 25, na karibu zote hudai kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ambayo juu yake hushikilia amana. Pesa za simu hazina kazi hapo, na kadi za kawaida za benki zetu mara nyingi hukataliwa, kwa hiyo lishughulikieni hili mkiwa bado Jinja. Semeni pia wazi kwamba mnataka gari la otomatiki. Wengi wetu tumejifunzia magari ya Kijapani yasiyo na klachi, ilhali mengi ya kukodi kule ni ya gia za mkono, na ya otomatiki ni machache na ghali zaidi. Ushuru wa barabara nao una mtego mmoja. Njiani kwenda Galway kuna vibanda viwili mnavyolipia kama tunavyolipa katika barabara ya Entebbe, lakini katika barabara ya M50 inayouzunguka mji wa Dublin hakuna kibanda. Kamera husoma namba ya gari, nanyi mnatakiwa kulipa kabla ya saa mbili usiku wa siku inayofuata. Iulizeni kampuni kama inawalipia au mnalipa wenyewe. Na mkijaza mafuta, mkono wa kijani wa pampu ni petroli na mweusi ni dizeli.

Nimefika kwenye swali lenu la mwisho, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote. Mwaka wangu wa pili Galway tulikodi gari wanne, wote Waafrika Mashariki, na aliyeendesha alikuwa dada mmoja kutoka Kisoro. Katika kijia karibu na Kinvara tulikutana na gari la maziwa. Alisogea kushoto kama inavyopasa, na ukuta uliofunikwa na majani ukakivunja kioo cha pembeni na kukwaruza milango miwili. Bima ya gari la kukodi huwa na kiasi ambacho mkodi hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kiasi hicho kinaweza kufika euro elfu na zaidi. Tena vioo na matairi mara nyingi havimo kabisa. Mkataba ulikuwa na jina lake, kadi ilikuwa yake, na kampuni ilikata pesa kwenye kadi hiyo. Sisi watatu tulimpa pole. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme neno la kuchanga, na neno halikusemwa. Aliilipa peke yake kwa miezi kadhaa, na ingawa baadaye nilimpelekea sehemu yangu, najua kwamba nilichelewa, na kwamba yeye alijua kwamba nilijua.

Kwa hiyo andikeni kabla ya safari, kwenye karatasi, kwamba hasara yoyote ya gari isiyotokana na uzembe wa makusudi ni ya watu wanne kwa usawa. Kama mnaweza, nunueni pia ile bima ya ziada inayokipunguza kiasi hicho hadi sifuri, na bei yake igawanywe kwa wanne. Mafuta, ushuru na maegesho vitoke kwenye mfuko mmoja ambao kila mtu ameuchangia sawa siku ya kwanza, na mshika mfuko asiwe dereva. Mimi ningemwondolea dereva mchango wa mafuta, kwa kuwa yeye ndiye asiyesinzia wala kuyatazama mandhari, lakini hilo mkubaliane wenyewe. Chakula kila mtu ajilipie.

Barua ya pili

*Mwalimu, mimi ni mama wa hapa Nkokonjeru, nililelewa na masista. Binti yangu wa miaka 23 anasoma Dublin, na yeye na rafiki zake wanataka kukodi gari Jumapili moja waende Wicklow. Nimemwomba apite mahali alipozaliwa Mama Kevin, aniletee hata picha ya barabara. Je, ni mbali? Na huko milimani kuna usalama? Mama, Nkokonjeru.*

Mama yangu, ombi lako limenigusa, na tena ni ombi linalowezekana kwa siku moja. Kwa wasomaji wasiomjua, Mama Kevin alizaliwa mwaka 1875 kwa jina la Teresa Kearney, karibu na mji wa Arklow katika kaunti ya Wicklow, akafika Nsambya mwaka 1903 pamoja na masista wenzake, akaanza kuwatibu watu chini ya mwembe, na kutokana na mwembe ule ikakua hospitali ya Nsambya. Alipofariki mwaka 1957 huko Marekani, Wakatoliki wa Uganda hawakukubali alale mbali, na leo kaburi lake liko hapo kwenu, unaliona unapokwenda misa.

Arklow iko kama kilomita 70 kusini mwa Dublin kwa barabara kuu ya M11, mwendo wa saa moja. Lakini binti asiende moja kwa moja. Aanzie milimani, kwenye njia inayoitwa Military Road, ambayo Waingereza waliijenga kati ya 1800 na 1809 ili askari wao wawafikie waasi waliojificha huko baada ya uasi wa 1798. Leo ni barabara nyembamba inayokatiza nyika ya mboji na maua ya kichaka ya zambarau, nyumba hakuna, na ukifika njia panda ya Sally Gap unaona ukungu ukitembea juu ya ardhi kama moshi. Usalama upo ikiwa ataendesha polepole, atawasha taa, na atarudi nyuma bila aibu akiona ukungu umezidi.

Barabara hiyo inateremka hadi Glendalough, bonde la maziwa mawili, ambako Mtakatifu Kevin aliishi kama mtawa wa upweke katika karne ya 6, na jina lake ndilo alilolichukua yule msichana wa Arklow alipoingia utawani. Kuna mnara wa duara wa mawe wenye urefu wa mita kama 30, na mlango wake uko juu, zaidi ya mita tatu kutoka ardhini. Wafike kabla ya saa nne asubuhi, maana Jumapili maegesho hujaa. Kisha wapite Rathdrum na bonde la Avoca, wafuate mto hadi unapoingia baharini pale Arklow, penye daraja refu la mawe la matao 19. Picha ya daraja hilo ndiyo ningekuletea mimi, kwa sababu watu wa Arklow huvuka hapo kutoka upande mmoja wa mji kwenda wa pili, naye hapana shaka alivuka.

Tatizo pekee ni umri. Kwa miaka 23 kampuni nyingi zitamkataa au zitamtoza zaidi, na gari likikodiwa kwa jina la rafiki mkubwa, binti asishike usukani hata kwa dakika tano kama jina lake halimo kwenye mkataba, kwa kuwa bima haitamtambua. Wakikosa dereva anayekubalika, lipo basi la kutoka Dublin hadi Glendalough, na kwa Arklow lipo garimoshi linalopita kando ya bahari.

Barua ya tatu

*Mwalimu, kijana wetu yuko Galway, anasema yeye na wenzake watazunguka Connemara siku moja ya Desemba. Huku Kasese tunasikia kuna baridi kali. Tumkataze? Baba, Kasese.*

Usimkataze, Baba, lakini mweleze jambo ambalo sisi wa ikweta hulisahau. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Galway, mwishoni mwa Desemba, kunapambazuka karibu saa tatu asubuhi na jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Baridi yenyewe si kali kama mnavyosikia, kwa kuwa bahari huipunguza, ila usiku ukiwa mtulivu lami hufunikwa na utando wa barafu usioonekana, hasa chini ya miti na juu ya madaraja, na gari huteleza bila onyo. Tena sehemu kubwa ya Connemara ni eneo la wasemao Kiirishi, ambako sehemu nyingi vibao havina Kiingereza: palipoandikwa *Géill Slí* ampishe mwenzake, palipoandikwa *Go Mall* apunguze mwendo.

Atoke Galway saa tatu na nusu, afuate barabara ya N59 kando ya milima ya Twelve Bens hadi Clifden, ambayo ni kilomita kama 80, wale chakula cha mchana hapo, na saa nane awe amekwisha kugeuza gari kurudi. Simu iwe na chaji, na namba ya dharura ni 112, ileile ya kwetu.